Nataka kufuta dadu ya kupiga kwenye mapambano ya mezani. Kwa nini nisifanye hivyo?

#1 Fundi Kanuni
Wakuu salaam.

Naandika kanuni zangu za mchezo wa kuigiza mezani (kila mchezaji ana mhusika wake, msimamizi anaendesha maadui na dunia, dadu zinaamua): mapanga, mapango, mashetani, mambo tuliyozoea. Kila kitu kinakwenda isipokuwa mapambano. Meza inachangamka mpaka upanga uchomolewe, halafu watu wanatoa simu. Nimewatazama na naona mchawi ni mmoja tu: "umekosa". Mtu anasubiri zamu yake, ikifika anarusha dadu ya kupiga, ile ya pande 20 inayoamua kama pigo limepata, anakosa, zamu imekwisha. Hakuna kilichobadilika, na anaanza kusubiri upya.

Hesabu zangu hizi hapa, mnikosoe. Wahusika 4 dhidi ya maharamia 5. Kila haramia ana pointi 30 za uhai. Mchezaji anapata kwa 65%, na akipata anarusha dadu ya pande 8 na kuongeza 3, yaani wastani wa 7.5. Kwa hiyo shambulio moja lina thamani ya 4.875. Pointi 150 ukigawa kwa hiyo ni mashambulio kama 31. Wachezaji wakiwa 4, ni karibu raundi 8. Raundi 8 za kutazamana!

Hoja yangu: futa dadu ya kupiga. Kila shambulio linapata, unarusha dadu ya madhara tu. Chris McDowall alishafanya hivyo kwenye mchezo wake, Into the Odd, na hakuna aliyekufa. Kwa nini sisi wengine tunang'ang'ania kurusha mara mbili kwa pigo moja?

#2 Mtazamaji Tu
Nimevuta kiti. Waje wataalamu.

#3 Kifaru Mpole
"Hakuna aliyekufa"? Mkuu, umewahi kucheza Into the Odd kweli? Kule watu wanakufa kabla karatasi ya mhusika haijakunjwa 😂

#4 Binti Hesabu
Kaka Fundi, hesabu yako ina tundu. Umegawa 150 kana kwamba pointi zinazobaki kwenye pigo la mwisho zinahamia kwa haramia wa pili. Hazihamii. Haramia aliyebakiwa na 2 akipigwa 9, zile 7 zimekwenda na maji. Kwa dadu yako ya pande 8 jumlisha 3, kila haramia anakufa na wastani wa pointi 3.6 za bure. Kwa hiyo humuui kwa 30, unamuua kwa 33.6. Hayo ni mapigo 4.5 hivi yanayopata, au mashambulio 6.9 ukihesabu na yaliyokosa. Jumla ni 34 au 35, raundi 8 na nusu. Hali yako ni mbaya kuliko ulivyodhani.

Ukifuta dadu ya kupiga unashuka hadi mashambulio 22 na ushee, raundi 5 na nusu. Umeokoa raundi 3, si haba. Ila na maharamia nao hawakosi tena. Wao walikuwa wanapata kwa asilimia ngapi?

#5 Fundi Kanuni
Asante dada. Walikuwa 40%. Wahusika wangu wana deraya nzito, mavazi ya chuma yanayofanya wasipatikane kirahisi.

#6 Binti Hesabu
Basi hapo ndipo panapouma. Haramia aliyekuwa anapata 40% sasa anapata 100%, yaani madhara kwa raundi yamekuwa mara 2.5. Pambano limefupika hadi 65% ya urefu wa zamani. Zidisha: 1.625. Wachezaji wako wataumia zaidi ya mara moja na nusu ya walivyokuwa wanaumia, na yule aliyetumia dhahabu yake yote kununua deraya amenunua nguo ya sherehe.

Kama pande zote mbili zingekuwa zinapata kwa asilimia ileile, kufuta dadu kusingebadilisha jumla ya maumivu, kungefupisha tu. Balaa linakuja pale dadu ya kupiga ilipokuwa imebeba kazi ya deraya kimyakimya.

#7 Kifaru Mpole
Into the Odd deraya inapunguza madhara. Una deraya 1, kila pigo linapungua 1. Tatizo limekwisha.

#8 Binti Hesabu
Limekwisha pale kwa sababu namba za pale ni ndogo na deraya haipandi sana. Jaribu kuipandisha hadi 3 uone. Kisu cha dadu ya pande 6 kinashuka kutoka wastani wa 3.5 hadi 1 kamili. Shoka la dadu ya pande 12 linashuka kutoka 6.5 hadi 3.75. Mwenye shoka amepoteza chini ya nusu, mwenye kisu amepoteza zaidi ya theluthi mbili. Ndani ya wiki meza nzima itakuwa imebeba mashoka. Kama ndiyo dunia unayoitaka, sawa.

#9 Mzee wa Meza
Salaam wanajukwaa. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana watu wanazungumzia hizi dadu kama zimeshuka kutoka mbinguni.

Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kanuni za vita vya sanamu ndogo. Pale askari wa kawaida akipigwa amekwenda. Hakuna cha kusema amebakiwa na pointi 14. Mwaka 1974 D&D (Dungeons & Dragons) ikatoka, ya Gygax na Dave Arneson, na ndani yake mhusika mmoja anaishi mapigo kadhaa, kwa sababu sasa mtu hana kikosi, ana mtu mmoja aliyempa jina na mama. Ukishampa mama huwezi kumwondoa kwa dadu moja.

Kwa hiyo dadu ya kupiga ilirithiwa kutoka kwenye mchezo ambao kupata maana yake ni kifo. Ikaongezewa pointi za uhai juu yake. Vichujio viwili kwa jambo moja. Fundi hajakosea kuuliza.

#10 Sauti ya Nyuma
Gygax alikuwa kichwa. Kubuni pointi za uhai tu kunatosha kumwekea sanamu.

#11 Mzee wa Meza
Hiyo sanamu mpelekee Arneson. Yeye mwenyewe alieleza kwamba pointi za uhai na daraja la deraya (namba ya ugumu wa kumpata mtu) alivitoa kwenye kanuni za vita vya meli za chuma za wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Meli inapigwa, inapigwa tena, inaendelea kuelea mpaka izame. Hata leo mhusika wako ni manowari: ana pointi 1, anapigana sawasawa na mwenye 60, akifika 0 anazama.

Gygax alichofanya, mwaka 1979 kwenye kitabu cha msimamizi cha AD&D (Advanced D&D), ni kutetea kwamba zile pointi si nyama peke yake. Ni ustadi, bahati, na mambo ya kiroho pia.

#12 Sauti ya Nyuma
Sawa mzee. Ila kama ni bahati, kwa nini inarudi kwa dawa ya kunywa?

#13 Mzee wa Meza
Swali hilo limeulizwa tangu kabla hujazaliwa, kijana.

#14 Upanga Mfupi
Mimi niko kwenye mafunzo ya upanga, upanga butu, kofia ya wavu, kila kitu. Niseme ninachokiona.

Watu wawili wakikutana, muda mwingi hakuna anayepiga. Wanatafuta umbali. Mwenye mkono mrefu anataka mwenzake abaki pale pale, mwenye silaha fupi anatafuta hatua moja ya kuingia. Ukishaingia, mambo yanakwisha kwa sekunde mbili, mara nyingi kwa wote wawili kuguswa. Kanuni nyingi zimebeba zile sekunde mbili na kuzirudia mara 30, na ule utafutaji wa umbali zikauacha nje. Ndiyo maana zamu ya kukosa inaonekana tupu. Kwenye uwanja kukosa kuna bei: umenyoosha mkono, mguu wa mbele una uzito wote, mwenzako anaiona shingo yako.

Kwa hiyo Fundi, usifute kukosa. Kupe kazi. Aliyekosa amejiweka wapi? Anayemkabili anapata hatua ya kuingia, au anapata pigo la kujibu, au aliyekosa anasukumwa nyuma. Zamu ikiisha lazima kitu kiwe kimehama.

#15 Zawadi ya Saba
Upanga Mfupi kanipunguzia kuandika. Hicho ndicho Vincent Baker na Meguey Baker walichokifanya na mchezo wao, Apocalypse World, mwaka 2010. Dadu mbili za pande 6 unajumlisha na sifa yako. 10 na zaidi umefanikiwa, 7 hadi 9 umefanikiwa lakini kwa gharama, 6 na chini msimamizi anafanya jambo lake, na mara nyingi jambo lake linauma. Msimamizi mwenyewe harushi dadu. Adui hana zamu, adui ni kile kinachokupata ukishindwa.

Pale hakuna "umekosa, anayefuata".

#16 Binti Hesabu
Namba zake kwa wanaopenda. Ukiwa na sifa 0: kufanikiwa kamili 16.7%, kwa gharama 41.7%, kushindwa 41.7%. Ukiwa na +1 inakuwa 27.8, 44.4, 27.8. Ukiwa na +2 inageuka kuwa 41.7, 41.7, 16.7. Angalia ile ya katikati: haisogei sana. Mchezaji akikua, kinachopungua ni maafa, ila "ndiyo, lakini" inabaki ileile. Hiyo ni kazi ya makusudi, na nzuri.

#17 Kifaru Mpole
Nzuri mpaka umesimamia kikao cha saa nne na kila dadu inakudai ubuni gharama mpya. Gharama ya kwanza upanga umekwama ukutani. Ya pili taa imezimika. Ya kumi na kitu umebaki unasema "eeh... unaumia kidogo". Msimamizi naye ana ubongo mmoja jamani.

#18 Zawadi ya Saba
Ndiyo maana kuna orodha ya mambo ya msimamizi mle ndani. Soma kitabu mkuu.

#19 Kifaru Mpole
Nimekisoma. Orodha inasema cha kufanya, haisemi cha kusema.

Nirudi kwa Fundi. Mkuu unalaumu dadu, mimi nalaumu karatasi. Dadu mbili zinakula sekunde kumi. Kinachokula muda ni mtu anayefika kwenye zamu yake ndipo anaanza kusoma karatasi ya mhusika kama mkataba wa nyumba. "Subiri... hivi hii naweza kutumia pamoja na hii?" Hapo dakika tatu zimekwenda, na akirusha akakosa, kila mtu anailaumu dadu.

D&D ya 2008 ilikuwa na sifa hiyo. Kila mhusika ana rundo la mbinu, kila mbinu ina sharti lake, huyu anakusukuma miraba miwili, yule anakupunguzia 2 mpaka mwisho wa zamu yake inayofuata, na nani anakumbuka? Maadui nao walikuwa na uhai mwingi na makali kidogo, hadi wakaja kuwaongezea makali kwenye kitabu cha tatu cha majini mwaka 2010.

Meza yangu niliweka sheria moja: mtu wa mbele yako akianza, wewe unasema kwa sauti unachokusudia kufanya. Mambo yakibadilika ukabadili, ruhusa. Kimya tu hairuhusiwi. Mapambano yalikatika karibu nusu, na sikugusa kanuni hata moja.

#20 Fundi Kanuni
Lakini hiyo ni nidhamu ya meza, siyo kanuni. Siwezi kuuza kitabu kinachosema "wachezaji wenu wawe wepesi".

#21 Kifaru Mpole
Kwa nini usiweze? Andika ukurasa wa kwanza, herufi kubwa.

#22 Ramani Mkononi
Nyote mnazungumzia pigo moja moja. Tazameni idadi ya vitendo.

Frederick Lanchester, mhandisi Mwingereza, mwaka 1916 aliandika kuhusu vita vya ndege na akatoa hesabu ambayo kila mtunga kanuni angebandika ukutani: pande mbili zikiweza kulengana kwa uhuru, nguvu ya kikosi ni mraba wa idadi yake. Watu 5 dhidi ya 4, ubora sawa: si 5 kwa 4, ni 25 kwa 16. Wale watano wakimaliza kazi wamebaki watatu wamesimama (25 toa 16 ni 9, kipeo chake 3). Ukimwondoa mmoja kabla ya vita kuanza ni 16 kwa 16, sare.

Hiyo inaeleza mambo mawili yanayotusumbua mezani. La kwanza, mshindi anajulikana mapema sana, pambano likiwa halijafika hata katikati, na zinazobaki ni raundi za kufagia. Hapo ndipo simu zinapotoka. La pili, adui mkuu aliye peke yake anaonewa. Ana kitendo kimoja, nyie mna vinne. Ndiyo maana D&D ya 2014 iliwapa majoka na wenzao vitendo vya ziada mwishoni mwa zamu za wengine. Wengine waliona ni kuiba, ila hesabu ilikuwa inadai.

Kwa hiyo adui wa Fundi si kukosa. Ni zile raundi za kufagia.

#23 Mzee wa Meza
Naunga mkono #22 na naongeza kitu ambacho vijana wamekisahau: woga.

Kwenye D&D ya msingi ya 1981 kila kiumbe alikuwa na namba ya moyo, 2 hadi 12. Upande ukipata kifo cha kwanza, msimamizi anarusha dadu mbili za pande 6. Wakifika nusu wameanguka, anarusha tena. Dadu ikizidi namba, wanakimbia au wanasalimu amri. Ilikuwa kanuni ya hiari, na wengi waliiruka kama wanavyoruka dibaji. Kisha wanalalamika mapambano marefu.

Maharamia wa Fundi kwa nini wanapigana mpaka wa tano? Wana kiapo? Mshahara umecheleweshwa, nahodha yuko chini, huyu wa tatu anaweka upanga anaomba maji.

#24 Binti Hesabu
Nimepitisha kwa kalamu. Tuseme moyo wao ni 7. Dadu mbili kuzidi 7 ni 15 kati ya 36, kama 42%. Zikirushwa mara mbili, uwezekano wa wote kusimama mpaka mwisho ni takriban theluthi moja. Yaani mara mbili kati ya tatu pambano linakatika kabla ya haramia wa nne. Hiyo imekata kuliko kufuta dadu, na deraya ya watu haijaguswa.

#25 Sauti ya Nyuma
Ila wachezaji wangu wakiona mtu anakimbia wanamfukuza mpaka wamuue. Sasa pambano limekuwa pambano na mbio.

#26 Nahodha wa Karatasi
Hao wachezaji wako wamefundishwa hivyo. Kama pointi za ujuzi zinalipwa kwa vichwa vya waliouawa, watahesabu vichwa.

Mimi napingana na wote mpaka hapa, samahanini. Mnapima urefu. Pambano la saa mbili linaweza kuwa tamu na la dakika kumi likaboa. Swali ni: wanapigania nini? Weka maharamia 5 na daraja linaloungua. Raundi ya nne daraja linakatika, mateka yuko upande wa pili. Sasa kukosa si zamu tupu, kukosa ni raundi moja imeliwa. Uhai wa maharamia hauna maana tena, hakuna anayetaka kuwaua, wanataka kupita.

Nilisimamia tukio la namna hiyo. Mwenye shoka alikosa raundi ya tatu, kimya kikatanda meza nzima, kisha yule mchezaji mpole kuliko wote akasema "namshika haramia kiunoni, naruka naye mtoni". Hakuna kanuni ya kushika kiuno kwenye kitabu chetu. Ilibidi nibuni pale pale. Na kukosa kulikozaa hayo ndiko mnakotaka kukufuta.

#27 Zawadi ya Saba
Blades in the Dark ya John Harper inafanya hivyo kwa mduara uliokatwa vipande. Hatari inajaa kipande kimoja kimoja, ukijaa imekukuta. Na kabla ya kurusha mnakubaliana kwanza: uko kwenye hali gani, na ukifanikiwa utapata kiasi gani. Mchezaji anajua bei kabla ya kununua.

#28 Kifaru Mpole
Yale "makubaliano ya kwanza" nayo yana dakika zake. "Hapana, nadhani hali si mbaya hivyo, niko nyuma ya pipa." "Pipa lenyewe tupu." Bunge limeanza.

#29 Zawadi ya Saba
Wewe hupendi chochote.

#30 Kifaru Mpole
Napenda dadu ikirushwa na watu wakafunga midomo.

#31 Dadu Mbaya
Jamani kabla hamjaendelea, mimi nina dadu ya bluu ambayo haijawahi kuvuka 8 siku ya pambano kubwa. Nimeifungia kwenye kikombe kilichofunikwa ikatafakari. Hii mnaihesabu vipi kwa asilimia zenu?

#32 Binti Hesabu
Irushe mara 200 nyumbani uandike kila namba, tukuambie kama ni dadu au ni kumbukumbu yako.

#33 Dadu Mbaya
Ikijua inapimwa inajifanya nzuri. Siyo mjinga hiyo.

#34 Mtazamaji Tu
😂😂 Kikombe kibaki kimefungwa.

#35 Chuma cha Pua
Nimechelewa. Nisemee kuzuia, maana hakuna aliyekugusa. RuneQuest ya 1978 ilimpa anayepigwa dadu yake ya kukinga. Mtu anashambulia kwa asilimia, mwenzake anakinga kwa asilimia, deraya inameza madhara, na pigo linaangukia kiungo fulani cha mwili. Ukipigwa mguu umepigwa mguu. Kwa uhalisia hakuna iliyoifikia zama hizo.

Ila wapiganaji wakishakomaa, 90% kushambulia na 90% kukinga, pigo linalopita ni 9 kwa 100. Mabingwa wawili wanagongana ngao mpaka mmoja apate pigo la kipekee. Kwa hiyo Fundi, ukifikiri una kukosa kwingi, shukuru.

#36 Upanga Mfupi
Hapo naitetea RuneQuest. Mabingwa wawili kweli hawagusani kirahisi. Na mtunzi wake Steve Perrin na wenzake kadhaa walikuwa watu wa kupigana kwa panga za mbao wenyewe, walijua wanachoandika.

#37 Chuma cha Pua
Kweli, lakini bingwa wa kweli halazimiki kukaa mezani saa tatu na njaa.

Na hili la sekunde: aliyesema zinakwisha kwa sekunde mbili, ndiyo maana raundi ya D&D ni sekunde 6 tangu mwanzo. Walilijua.

#38 Mzee wa Meza
Tangu mwanzo? La hasha. AD&D ya Gygax raundi ni dakika nzima, imegawanywa vipande 10 vya sekunde 6. Hoja yake ilikuwa kwamba ndani ya dakika mnabadilishana mapigo mengi ya kudanganyana, na dadu ni ile nafasi moja ya kweli. Ile ya msingi ya 1981 raundi ni sekunde 10. Sekunde 6 kwa raundi nzima zimekuja na toleo la tatu, mwaka 2000. GURPS ya Steve Jackson, 1986, raundi ni sekunde moja, na kulenga tu kunakula zamu.

Urefu wa raundi unaamua kukosa kunamaanisha nini. Ukikosa kwa dakika nzima, mmepimana nguvu na hakuna aliyepata upenyo. Ukikosa kwa sekunde moja, umepunga hewa. Fundi, raundi yako ni muda gani?

#39 Fundi Kanuni
Sijaandika popote. Niliandika "raundi" tu.

#40 Mzee wa Meza
Basi anzia hapo.

#41 Ramani Mkononi
Sikubaliani na mzee. Mchezaji hajali sekunde, anajali lini zamu yake inarudi. Upande mzima urushe dadu moja ya pande 6, upande ulioshinda ucheze wote kwa pamoja, mambo yanakwenda.

#42 Binti Hesabu
Na kwa hesabu yako mwenyewe ya Lanchester, upande ulioanza ukiua mmoja kabla mwenzake hajagusa dadu, umeshabadilisha mraba. Dadu moja ya pande 6 imeamua vita.

#43 Ramani Mkononi
Hilo nalipokea kwa masikitiko.

#44 Zawadi ya Saba
Kuna mchezo wa Marvel Heroic wa 2012: anayemaliza zamu anachagua nani afuate, yeyote ambaye hajacheza. Wa mwisho anachagua wa kuanza raundi inayofuata. Wachezaji wakiwa na tamaa wanacheza wote mwanzo, halafu maadui wanamaliza raundi hii na kujichagua kuanza ijayo, wanapiga mara mbili mfululizo. Wanajifunza adabu bila kuambiwa.

#45 Nahodha wa Karatasi
Hiyo naipenda. Kuna na 13th Age ya 2013: kuanzia raundi ya pili inawekwa dadu kubwa mezani ikionyesha 1, inapanda kila raundi hadi 6, na wahusika wanaongeza namba hiyo kwenye kupiga. Fundi, kukosa kwako kunakufa kwenyewe kadiri pambano linavyozeeka. Deraya ya wachezaji iko salama, maana maadui hawaongezewi.

#46 Fundi Kanuni
Hii sikuifikiria kabisa. Dada Hesabu, kwa 65% yangu inakuwaje?

#47 Binti Hesabu
Kwa dadu ya pande 20 kila +1 ni 5%. Raundi ya kwanza 65, ya pili 70, ya tatu 75... ya saba 95. Mashambulio yako 35 yanashuka hadi 28 hivi, raundi 7. Kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu dadu inakuwa kubwa wakati maharamia wengi wameshakufa. Anza nayo 2 badala ya 1 ukitaka isikike mapema.

#48 Kifaru Mpole
Au wakimbie tu, kama alivyosema mzee.

#49 Sauti ya Nyuma
Tumerudi palepale. Wakikimbia wanafukuzwa! Nani ana kanuni nzuri ya kufukuzana ambayo si kurusha dadu ya mwendo mpaka watu wasinzie?

#50 Upanga Mfupi
Anayekimbia anadondosha kitu. Silaha, mfuko, ngao. Kila alichodondosha ni hatua moja mbele ya anayemfukuza. Anayefukuza achague: kuokota au kuendelea.

#51 Nahodha wa Karatasi
Naiba hiyo. Na mwenye deraya nzito?

#52 Upanga Mfupi
Haivuliki kwa mbio. Huyo asalimu amri.

#53 Mtazamaji Tu
Na ngao ikibaki mgongoni wakati anakimbia, inakinga mishale?

#54 Chuma cha Pua
Inakinga. Ila akiibeba hivyo hajadondosha kitu, kwa hiyo hana hatua ya ziada. Na kabla Kifaru hajauliza: ndiyo, mtungi wa pombe unahesabika kama kitu.